Ngozi Isiyovimba

Kama homa inakurudia kila mara, na ukijitazama mikono na miguu huoni hata alama moja ya mbu, nakuomba unisikilize kabla hujaanza kuwatazama watu wa nyumbani kwako. Mimi nilianza kuwatazama. Nilimtazama mmoja hasa, na kutazama huko kulikaribia kumtoa mke wa kaka yangu katika nyumba yake, na mimi kunipeleka kaburini.

Jina langu ni Adongo. Ni fundi wa kushona. Hakuna aliyenifundisha kazi hii. Nilijifunza kwa kufumua mashati ya jeshi yaliyochakaa, nikayatandaza vipande vipande sakafuni, kisha nikayaunga upya. Mshono ukipinda kidogo tu, nilifumua nikaanza tena. Kaka yangu Okello, ambaye ni sajini, ndiye aliyenilea katika kambi ya jeshi ya Kimaka, kule Jinja, Uganda, baada ya wazazi wetu kufariki. Wenzake ndio waliokuwa wateja wangu, na waliniita "Afande Fundi" kwa sababu niliwakagua wanapovaa nguo zangu kama wanavyokaguliwa gwarideni. Macho hayo hayo ya kutafuta kasoro ndiyo niliyoyapeleka katika ugonjwa wangu.

Mwaka mmoja katikati ya miaka ya tisini, Okello alioa. Mariamu alikuwa binti wa Mbale, wa mtaa wa Nabuyonga, Mwislamu, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko chetu, maana alikua nacho nyumbani. Sisi cha kwetu tulikiokota kambini. Alikuja mwanzo wa mvua kubwa. Haikupita wiki, mikono yake ikajaa uvimbe, kila alama ya mbu imetuna kama haragwe lililolowekwa. Alijikuna mpaka akatoa damu. Wanawake wa kambini walikuwa wakija kumtazama.

"Mbu wa Jinja wamepata nyama mpya," alisema jirani yetu, Mama Opio, akamshika mkono kuwaonyesha wenzake. "Hii yetu wameshaichoka."

Nyumba yetu ilikuwa na chandarua kimoja cha kijani, cha jeshi, na kilikuwa juu ya kitanda changu tangu utoto wangu. Nilikifungua mwenyewe. "Mpeni yeye," nilimwambia Okello. "Mimi hawaniumi."

Nilisema hivyo kwa majivuno kidogo, siwezi kukuficha. Tena niliamini. Jioni nilishona karibu na mlango, taa ikiwaka, nikawasikia wakiimba masikioni, na asubuhi mkono wangu ulikuwa laini kama kitambaa kilichopigwa pasi.

Homa ya kwanza ilinijia mvua zikiwa bado hazijakatika. Ya pili ilinikuta wakati wa mavuno ya mahindi. Ya tatu ilikuja na senene, wale panzi wa kuliwa, watu wote wa Jinja wakiwa wanakimbizana nao chini ya taa za barabarani, na mimi nimejikunja chini ya blanketi mbili, meno yanagongana. Nilikuwa nimewahi kuugua malaria zamani kama kila mtu, lakini si kwa kufuatana namna ile. Nikaanza kujiuliza ni kitu gani kimebadilika nyumbani kwetu mwaka huo. Vitu viwili vilikuwa vimebadilika. Mimi nilikiona kimoja tu.

Zahanati ya kambi ilikuwa na benchi refu lililolainishwa na makalio yetu. Ulikaa, ukasogea, ukasogea tena, mpaka ukafika mezani kwa koplo wa dawa, ambaye hakuinua kichwa.

"Homa?"

"Ndiyo, afande. Lakini tazama mikono yangu. Sijaumwa na mbu."

"Mbu hapana andika jina yake kwa mukono," alisema, akamimina vidonge vya klorokwini kwenye karatasi.

Walionijibu kwa mkato namna hiyo niliwashuku wote. Kisha dawa yenyewe ikanipa sababu nyingine. Waliomeza klorokwini zama zile wanajua ninachosema: kuwasha. Kulianzia viganjani na kwenye nyayo, kukapanda mwili mzima, kama siafu wanaotembea chini ya ngozi. Nilijisugua ukutani. Nilijikuna kwa chanuo. Na cha kutisha, hakukuwa na kipele hata kimoja. Mariamu alikuwa na uvimbe na sababu yake ilijulikana. Mimi nilikuwa nawashwa nikiwa na ngozi safi.

"Hiyo siyo dawa inayowasha," alininong'oneza Mama Opio. "Ni kitu kingine kinatafuta njia ya kutoka."

Nikaacha kumeza. Kila nilipopewa dawa nilimeza za siku ya kwanza, homa ikashuka kidogo, na vidonge vilivyobaki nikavificha ndani ya kopo la vifungo. Sikumwambia mtu. Kama unasoma haya na una kopo lako la namna hiyo, nenda kalitoe sasa hivi.

Mariamu ndiye aliyepika. Mama yake alikuwa akimtumia malewa kutoka Mbale, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani yanayokaushwa kwa moshi, akayapika kwa karanga zilizosagwa. Kwetu kaskazini hatuyajui. Harufu yake ya moshi ilinifanya nisimamishe tonge njiani. Siku niliyoyala kwa mara ya kwanza ndiyo siku ambayo homa ya senene ilinishika. Kwa mtu aliyekuwa anatafuta uzi, huo ulikuwa uzi. Niliuvuta.

Nikanunua sufuria yangu ndogo na sigiri yangu ya makaa.

"Wifi, mbona huli?" Mariamu aliniuliza.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Tangu jana sijaona ukishika sahani."

"Nina chakula changu."

Alitazama sigiri yangu mlangoni, akatazama yake. "Haya. Nyumba ya vyumba viwili, majiko mawili. Majirani watafikiri tumetajirika." Alicheka peke yake, kisha akaacha kucheka.

Maneno yalitoka bombani, wanawake wakiwa wamepanga madumu yao. Mama Opio alisema kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Yule wa Mbale mbu wanamtafuna kama mahindi ya kuchoma, na hajaumwa hata kichwa. Wewe mbu wanakupita, na unakwisha. Hesabu hiyo inakubali?"

Wote walinigeukia. Ningeweza kunyamaza.

"Haikubali," nikasema.

Neno hilo moja lilifika nyumbani kabla yangu. Jioni Okello aliniita nje, akiwa bado amevaa buti.

"Adongo, umemwona Mariamu akitia kitu kwenye chakula?"

"Sijamwona."

"Umesikia akisema?"

"Hapana."

"Basi umeona nini?"

"Nimeona ngozi yangu, kaka. Na nimeona yake. Mwenye kuumwa na mbu haugui. Asiyeumwa ndiye anaugua. Nieleze wewe."

Aliniangalia mikono, myembamba kama fito, mishipa imetokeza. Alinipenda, na hilo ndilo lililokuwa baya, maana nilimwona akianza kuamini.

Baada ya muda mfupi kikosi chake kiliagizwa kaskazini, na nyumba ya kambi ikatakiwa kwa wengine. Hapakuwa na mahali pa kutupeleka isipokuwa Nabuyonga, kwa mama yake Mariamu. Okello alitukalisha sote wawili juu ya mizigo iliyofungwa. "Nikirudi likizo nitaamua," alisema. "Nyumba ya watu wasiokula chungu kimoja siwezi kuiongoza. Mmoja ataondoka. Kama mke wangu ni mchawi, ataondoka yeye." Mariamu hakulia. Alikuwa anafunga kamba ya godoro, akaendelea kuifunga.

Fikiria, basi, mimi nilipelekwa kulala katika nyumba ya mama wa mtu niliyemshuku. Mbale ni mji wa baridi kidogo, mlima uko juu yake kama ukuta, na mbu hawakuwa kitu ukilinganisha na Kimaka. Nilijiambia: sasa tutaona. Nikiugua hapa, pasipo na mbu, kesi imekwisha.

Nikaugua. Homa hii haikuwa kama zile za awali. Macho yalikuwa ya manjano, magoti hayakunibeba, na baadaye naambiwa nilizungumza Kilango, lugha ya kwetu kaskazini, kwa watu wasiokijua. Nakumbuka mwendesha boda boda akilalamika kwamba sishikilii baiskeli, na mkono wa mtu nyuma ukinishikilia. Mkono ule ulikuwa na uvimbe wa zamani uliogeuka makovu meusi.

Nilizinduka wodini na dripu ya kwinini mkononi. Kwinini ilinipa masikio mapya. Ndani yake kulilia kama redio iliyotoka kwenye stesheni, na nyuma ya mlio huo sikusikia chochote. Niliona midomo tu. Midomo ya wauguzi, midomo ya jamaa wa wagonjwa waliokaa kwenye mikeka kati ya vitanda. Mtu mwenye shaka asipewe uziwi. Kila mdomo niliouona ukisogea ulikuwa unataja jina langu.

Hospitalini, kama ujuavyo, muuguzi anakuchoma sindano, lakini kukuosha, kukulisha na kukugeuza ni kazi ya watu wako. Mtu wangu alikuwa Mariamu. Hakukuwa na mwingine. Alilala kwenye mkeka chini ya kitanda changu. Aliniletea uji na mimi nikageuza uso ukutani.

Siku ya kwanza aliusubiri ukapoa, akaumwaga. Siku ya pili alikaa mbele yangu mahali nitakapomwona, akachota kijiko, akanywa, akameza, akafungua mdomo kunionyesha kama mtoto aliyemeza dawa. Kisha akanipa kikombe. Nilikunywa. Kuanzia hapo hatukuwa na mazungumzo juu ya jambo hilo. Kijiko cha kwanza kilikuwa chake.

Nywele zangu zilianza kutoka, zikibaki kwenye mto kama sufi. Mariamu aliazima wembe akaninyoa zilizobaki. Nilikaa nimekaza shingo, si kwa kuogopa wembe. Niliogopa nywele zitakwenda wapi. Alizikusanya zote, hata zile za sakafuni, akazifunga kwenye gazeti, akaniwekea mkononi. Masikio yalikuwa yameanza kufunguka, nikamsikia vizuri.

"Zishike mwenyewe, wifi. Usije ukasema nimezipeleka mahali."

Niliporudi nyumbani Nabuyonga kiangazi kilikuwa kimeanza na mlima ulionekana wote. Nikakuta kopo langu la vifungo dirishani, wazi. Vifungo upande mmoja, vidonge upande mwingine, vimetenganishwa.

"Nilitaka kifungo cha blauzi," Mariamu alisema. "Nikaona daktari amelala humu ndani." Akafunika kopo. "Mimi nilidhani unataka kufa ili mimi niitwe muuaji. Nilikuogopa, wajua? Nililala nikikusikiliza."

Hata baada ya hapo, nakiri, shaka yangu haikuondoka. Ilihama tu. Nilikubali kwamba sikumaliza dawa. Lakini homa yenyewe iliingiaje, kama hakuna mbu aliyenigusa?

Jibu lilikuja kwa njia ya kazi. Jirani aliyefagia hospitalini alijua mimi ni fundi, akaniletea mfuko wa kitambaa cheupe mrefu kama mkono wa kanzu, ulioshonwa ovyo, umepasuka kwenye mshono. Ulitoka katika nyumba ya watafiti nyuma ya hospitali, walikofuga mbu. Niliufumua wote nikaushona upya kwa mishono miwili. Wakapendezwa, wakaniita niwatengenezee mingine palepale. Nilimwambia Mariamu anisindikize, kwa sababu watu wanaofuga mbu niliwashuku kuliko mtu yeyote niliyewahi kumshuku.

Kulikuwa na masanduku ya wavu mezani, na kila moja lina mkono wa kitambaa wa kuingizia mkono wa mtu. Mtafiti alikuwa bwana mnene mwenye haraka. Alisema mbu wale walizaliwa humo ndani, hawajawahi kunywa damu ya mgonjwa, na wakishashiba huuawa. Waliwalisha kwa mikono yao wenyewe, na kwa ya wale waliokubali, wakatazama ngozi inavyojibu, kisha wakachukua tone la damu kidoleni. Walitaka kujua kama tone hilo linaweza kusema ni nani anayeumwa zaidi, na kwa hiyo ni nani malaria itamfikia kwanza.

"Mimi hawaniumi," nilimwambia, nikipima kitambaa.

"Umekaa wapi?"

"Jinja. Tangu utoto."

Alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Jinja! Na hawakuumi! Dada, wewe umekuwa hoteli yao."

Mariamu hakucheka. Alikuwa ameshaanza kukunja mkono wa gauni lake. "Wifi," alisema, "tia mkono."

"Kwa nini?"

"Wangu utaingia humu, wako humu. Wewe fundi, si unapenda kukagua? Kagua."

Nilitaka kukataa. Niliwaza sanduku moja lina mbu wengi na lingine halina. Nikadai tubadilishane masanduku. Bwana yule akainua mabega, tukabadilishana. Nikaingiza mkono. Nilikuwa na macho ya kuona uzi mweupe kwenye kitambaa cheupe, na niliwaona. Walitua mmoja mmoja, wakapinda, wakachoma. Sikuhisi maumivu ya maana. Niliona matumbo yao yakijaa, yakawa mekundu, kwenye mkono wangu mimi ambaye mbu hawaniumi.

Tulitoa mikono tukaiweka mezani kando kwa kando. Chai tuliyokaribishwa ilikuwa haijapoa pale mkono wa Mariamu ulipoanza kutuna. Uvimbe mmoja, mwingine, mwingine, pete nyekundu kuzunguka kila mmoja. Wangu ulikuwa laini. Niliuinua dirishani kwenye mwanga, nikaugeuza. Nilitafuta alama kwa macho na kwa ncha ya kidole. Hakuna. Nililala na mkono ule nje ya blanketi, na asubuhi bado hakuna.

"Mwili ukiumwa miaka na miaka unachoka kugombana na mate yao," bwana yule aliniambia nilipomaliza kazi. "Ngozi inasahau. Labda damu inakumbuka." Alinichoma kidole akafyonza tone langu kwenye karatasi. Niliuliza litasema nini. Alisema ni mapema. Mpaka leo sijui lilisema nini, na wakati mwingine nawaza lilikokwenda.

Lakini mimi sikuhitaji karatasi. Chandarua nilikifungua mwenyewe juu ya kitanda changu, nikampa anayevimba. Aliyevimba akalala ndani akasalimika. Mimi nikakaa mlangoni na taa yangu, ngozi inanitolea ushahidi wa uongo.

Okello alirudi likizo mvua zikinukia. Alikaa sebuleni kwa mama mkwe wake na sare yake, begi halijafunguliwa. Nilimweleza yote: chandarua, kopo, masanduku, mikono miwili mezani. Nilieleza kwa mpangilio, nikarudia sehemu ambazo niliona hazikunyooka. Alisikiliza akikuna kidevu.

"Sasa mbu ndiye shahidi?" aliuliza. "Mimi nimesikia maneno kambi nzima. Watu wananiuliza mpaka kaskazini kule. Niwajibu kwamba niliona mkono wa dada yangu ukiwa laini?"

"Wajibu nilikosea."

"Wewe? Wewe hukosei hata pindo la suruali."

Mariamu aliingia na chakula. Alikuwa amepika posho, ule ugali wa mahindi, na malewa. Sidhani ni kwa bahati. Aliweka bakuli katikati, akatunawisha, akasimama na birika mkononi.

Harufu ya moshi ilijaa chumba. Nilimtazama kaka yangu aanze, maana ndiye mkubwa. Hakuanza. Mikono yake ilikuwa imelowa, imekaa juu ya magoti. Alikuwa akiangalia bakuli, kisha akaniangalia mimi. Sajini yule ambaye alikula chochote alichopewa porini, alikuwa anasubiri kuona kama nitameza. Nilichopanda kambini kilikuwa kimeota ndani yake, na niliona wazi kwamba hakuna maelezo yangu yaliyoking'oa.

Mariamu aliona pia. Alinyoosha mkono kuchukua kijiko aonje, kama alivyonizoesha wodini.

"Acha," nikasema. "Kaa chini, wifi."

Nikakata tonge, nikalichovya, nikala. Nilikula jingine. Nikajichotea yale machipukizi yenyewe, nikayatafuna na moshi wake wote. Nilikula peke yangu, watu wawili wakinitazama, mpaka Okello akashusha pumzi, akavuta bakuli upande wake, akasema, "Basi wewe utayamaliza yote?"

Begi lilifunguliwa jioni ile. Hakuna aliyeondoka.

Siku hizi tuko Jinja tena. Nimeshona vyandarua vipana, kimoja chao na kimoja changu, na ninavikagua mishono kila mwanzo wa mvua. Dawa nameza mpaka kidonge cha mwisho, nikijikuna. Mariamu bado anavimba, lakini uvimbe wake umeanza kuwa mdogo mwaka hadi mwaka, na sasa hilo ndilo linalonitisha. Namwambia aingie ndani ya chandarua mapema. Ananiita afande.

Tunakula chungu kimoja. Na kila siku, kabla hajanipakulia, anachota kijiko, anaonja mbele yangu, anameza, ndipo anapakua. Nimemwambia aache. Nimemwomba. Anasema anaonja chumvi tu.